Kondo la Lornah

Sijawahi kumchukia mtu kazini kama nilivyomchukia Mama Dorca wa Otonglo. Ujana wangu wote umeishia katika maabara hapa Kisumu nikipima homoni kwenye damu ya wajawazito, nikitafuta kwa nini wengine hujifungua kabla ya wakati, na adui aliyenishinda si ugonjwa. Ni mama mkwe wa mtu.

Mke wa mwanawe, Lornah, alikuwa amepoteza watoto wawili waliozaliwa mapema. Mimba ya tatu alinitafuta mwenyewe. Kila kliniki nilimtoa damu, na kila mara homoni zake zilishuka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa mwanamke mwingine. Jibu lilikuwa kwenye kondo la nyuma, na Lornah alikubali nilichukue atakapojifungua. Nililitamani lile kondo kuliko cheo.

Uchungu ulimshika mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto alikimbizwa kwenye mashine ya joto akipumua kwa shida, nami nikapokea kondo kwenye beseni. Lazima likatwe na kugandishwa lingali na joto, la sivyo halinifai tena. Nilikuwa nimeshashika kisu Mama Dorca aliposimama mlangoni.

Alisema biero, yaani hilo kondo, huzikwa kwa baba ya mtoto, na hakuna kitu cha dala yake, boma lake, kitakachowekwa kwenye friji na jamwa. Jamwa ni mimi, mtu wa kuja, kwa kuwa kwetu ni Busia. Nikameza hasira, nikamwambia nahitaji vipande vidogo tu, abebe kilichobaki. Akajibu kwamba hawaziki nusu. Nikamwambia mwenye mwili amekubali, yeye hana usemi. Akacheka, akaketi sakafuni mlangoni pale, leso mapajani, akangoja. Kondo lilikuwa likipoa.

Nikalibeba beseni hadi kitandani kwa Lornah, nikiwa na hakika atamfukuza yule mama.

"Mwambie aniachie," nikasema. "Ukinipa hii, mimba ijayo nitajua cha kufanya."

Hakuniangalia. "Daktari, wale wawili hospitali ilienda nao. Mpaka leo sijui waliwekwa wapi. Huyu akiwafuata, mimi nitalilia wapi?"

"Huyu hajafa, Lornah."

"Mpatie Mama hiyo biero."

Mama Dorca alilifunga kwenye leso bila kunishukuru. Nilitamani kumrushia lile beseni, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Mtoto aliishi. Nilifurahi, sitasema uongo. Aliokolewa na mashine na manesi waliokesha naye, ila ukipita Otonglo utaambiwa aliokolewa na shimo alilochimba nyanya yake.

Mwaka jana Lornah alirudi kliniki na mimba nyingine, mtoto akiwa mgongoni. Aliketi mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu naye atatoka mapema.

"Sijui," nikamjibu. "Na siku niliyotaka kujua, ulininyima."

Macho yake yakajaa machozi. Sikumbembeleza. Nilimfunga mpira mkononi, nikatafuta mshipa, nikaanza kumtoa damu.