Mutobe wa Koko Joze

Mutoto wa dada yangu aliacha Goma akapanda mpaka hapa kwetu Kibabi ju ya kusoma uchawi. Wengine tunaomba Mungu usiku na mchana uchawi utupite mbali. Yeye anaufuata na begi mugongoni, na miwani, na université ilimupa barua ya kutembea nayo. Nikamuuliza, "Émile, hesabu zilikushinda?" Akacheka. Akasema, "Mama mudogo, mimi sisomi kuroga. Ninasoma namna watu wanaongea juu ya kuroga." Nikamuambia hiyo inasomwa bure, aende tu kwenye robine wakati wamama wanachota maji.

Promoteur wake, njo yule mwalimu mukubwa mwenye kusimamia kazi yake, alimufundisha adabu ya ile masomo. Usicheke imani ya muntu. Usimulazimishe kusema. Jina yake uifiche. Na kitu yake usipokee, hata yai moja, ju itakufunga mudomo. Émile alinisomea hayo yote nikiwa ninachambua maharagi, nikasema huyu promoteur alikuwa na mama aliyemulea vizuri. Lakini huku kwetu Masisi, nilikuja kuona, hajakanyaga.

Muntu wa kwanza Émile alienda kuona ni Koko Joze, bibi muzee wa hapa kwetu. Jina yake ya batizo ni Joséphine-Marie, na ukimuita hivyo haitikii. Alizaliwa Walikale, kule upande wa Omate, wakati watu walikuwa wanachimba mihogo tu, mbele ya huu wazimu wa mawe ya madini. Aliolewa huku kwetu. Bwana yake alikufa, mutoto hakupata, amebaki na lupango, ile kiwanja ya nyumba yake, na migomba, na mudomo. Ule mudomo, Mungu peke yake njo anajua fasi unaishia. Na sisi watu wa milima tuko na ugonjwa moja: muntu wa pori ya Walikale tunamuogopa mbele hajasema kitu. Akinyamaza, anaroga. Akisalimia, anatafuta jina yako apeleke wapi sijui.

Koko Joze alimupenda Émile mara moja. Alimusimulia namna baba yake, muwindaji, alikuwa anaongea na wazee waliokufa mbele ya kuingia pori, kisha Siku ya Mungu anaenda misa na shati safi. Émile aliuliza kama ni kweli wazee walikuwa wanajibu. Koko akasema, "Mimi nakuambia yenye niliona. Yenye sikuona, uliza pasta Marcellin, yeye njo anaonaka kila kitu."

Kisha akaleta mutobe, maji ya ndizi tamu, yeye mwenyewe anaikamua. Sasa mujue desturi. Huku kwetu muntu akikupa kinywaji, anaonja kwanza mbele ya macho yako, kisha anakupa. Ni ju ya karuho, ile sumu ya polepole yenye kila muntu anaijua na hakuna aliyeiona. Koko Joze peke yake njo haonji. Anasema mwenye mashaka abaki kwake. Akamupa Émile kopo hivyo hivyo. Na mwerevu wetu akakumbuka promoteur. "Aksanti sana Koko, lakini mimi siwezi kunywa. Ni sheria ya kazi."

Kesho yake akarudi, akakataa tena. Kesho kutwa vile vile. Na lupango ya Koko iko kando ya barabara ya soko. Wamama wenye mizigo ya viazi walikuwa wanapunguza mwendo, wanaangalia kopo, wanaangalia Émile, wanaendelea na njia. Mimi nilikuwa kwenye mashini yangu nashona, sikujua kitu.

Nilijua Siku ya Mungu, ndani ya kanisa. Pasta Marcellin alikuwa na ng'ombe kule Nyamitaba, na hiyo ng'ombe ilikuwa imekufa. Ng'ombe inakufaka, lakini ya pasta haiwezi kufa bure. Akasimama mbele yetu akasema, "Mungu ametutumia mutoto aliyesoma mambo ya uchawi mpaka université. Mumemuona. Anakaa pale kwa Koko Joze, anauliza, anaandika, lakini ile kopo haigusi. Yeye anajua nini yenye sisi hatujui?" Kanisa yote ikasema hmm. Wakakata neno: siku ya soko Koko Joze arudi kwao Walikale. Akikataa, vijana watachoma nyumba. Na kwao kule, hakuna hata muntu mumoja aliyebaki wa kumufungulia mulango.

Nilitoka pale na hasira mpaka kitenge kilikuwa kinanifunguka. Nikamukuta Émile anaandika. Nikamuambia, "Jina yake umeificha kwenye karatasi, kisha mbele ya barabara ukamuonyesha watu na mudomo wako mukavu. Wanamufukuza ju yako."

Mwanzo akasema ataenda kumuelezea pasta ile sheria. Nikasema nenda, pasta atakuuliza kama unajua kitu ao unaogopa kitu, utachagua. Akavua miwani. Akasema, "Hizi sheria ziliwekwa ju ya kumulinda muntu kama Koko. Kama moja inamuua, si sheria tena. Nitakunywa."

"Njo vile," nikasema.

"Lakini mama mudogo..."

"Lakini nini? Si wewe hauamini?"

"Mimi siamini," akasema. "Tumbo yangu njo haikufika université."

Nilitaka kumupiga na nilitaka kumukumbatia. Nikamupa viazi akule.

Siku ya soko watu walijaa kwenye lupango ya Koko Joze. Vijana na fimbo, pasta na Biblia, wamama na mizigo yao kichwani, ju hakuna aliyetaka kukosa. Koko alikuwa amekaa kwenye kiti yake kidogo. Hata nguo moja hakuwa amefunga ya safari. Émile akapita katikati ya watu, akamusalimia na mikono mbili, akasema, "Koko, ninaomba mutobe."

"Leo promoteur wako amelala?" Akajaza kopo.

Pasta akasema, "Aonje kwanza."

"Sionji," Koko akasema. "Sijamuonjea muntu tangu niolewe hapa, siwezi kuanza leo ju ya fimbo zenu."

Nilimukasirikia, nikasema ndani ya roho: Onja, wewe muzee, unataka kufa ju ya kiburi. Lakini Émile alikuwa ameshachukua kopo. Aliinua kwa haraka, mutobe ikamwagika kwenye shati. Akakunywa yote. Akanyoosha kopo, akaomba ingine.

Watu walimuangalia kama ataanguka. Hakuanguka. Pasta akasafisha koo, akasema sumu ya Walikale ni ya polepole, tungojee soko ingine. Basi tukangojea. Maisha ya Koko Joze ikabaki ndani ya tumbo ya mutoto wa dada yangu.

Na hiyo tumbo, Yesu wangu. Asubuhi yake ilifunguka yote. Mutobe mingi na woga, vinatosha. Kila alipokimbia nyuma ya nyumba, mimi niliimba wimbo wa kanisa kwa nguvu jirani wasisikie. Wakiuliza Émile iko wapi, nilisema iko anaomba. Siku ya Mungu nikamupeleka kwaya, nikamusimamisha karibu na mulango. Aliimba na jasho inamutiririka, macho imefungwa, anakaza miguu. Wamama wakasema Roho amemushukia. Nikasema amina.

Soko ingine ikafika, Émile akaenda na miguu yake, amepona, anakula mahindi ya kuchoma njiani. Watu wakamuona. Hakuna aliyeomba musamaha, sisi hatujui kazi hiyo. Mama moja tu akatua muzigo wake kwa Koko, akaomba kopo, akakunywa bila kuonjewa. Kisha mwingine. Kisha vijana walewale, ju jua lilikuwa kali na fimbo haipozi koo.

Mwisho pasta Marcellin naye akasogea, anatabasamu. "Koko, na mimi kidogo."

Koko Joze akachukua kopo kubwa, akaijaza mpaka juu. Akamuangalia. Kisha, yeye mwenye hajamuonjea muntu tangu aolewe, akainua kopo akaonja. Akaonja tena. Akaonja polepole, soko yote inaangalia, mpaka koo yake ikachoka. Akafuta mudomo, akamupa kopo na mikono mbili, na heshima yote.

"Chukua, Papa pasta. Nimekuonjea."

Ndani ilibaki povu tu. Akakunywa povu, mbele ya kondoo wake wote.