Mabegi ya Madam Demiana

Dalili ya mvua ni mawingu, na Everlyn aliyaona jikoni mwa nyumba ya mtaa wa Mirdif, Dubai, alikofanya kazi za ndani. Madam Demiana, Mkristo wa Kikopti kutoka Misri, alikuwa amechangiwa mabegi mapya ya shule kanisani, ayapeleke kwao kwa watoto maskini wa Kikopti wapate kusoma. Sasa alikuwa ameketi sakafuni, anang'oa lebo na kuyasugua kwa jiwe la kusugulia visigino mpaka yachakae!

Mwizi mkubwa huyu, Everlyn aliwaza. Anayageuza mitumba ili akiyauza yasitambulike. Na kanisani ndiye wa mstari wa mbele!

"Madam, mbona unaharibu mali ya watoto?" ikamtoka.

"Mama zao hawataki kuhurumiwa," Demiana akajibu bila kuinua macho. "Begi jipya watalirudisha. Lililoachwa na mtoto wa jamaa, wanalipokea."

Everlyn akakumbuka. Mwaka jana yeye mwenyewe, alipoahidiwa begi jipya, alimjibu madam kwa ukali kwamba mwanawe wa Machakos si wa kuonewa huruma. Baada ya wiki akapewa begi kuukuu, eti la mpwa wa madam, akalituma kwa furaha.

Zipu ya begi lile ilikuwa ngumu, kama haijawahi kufunguliwa.