Alama ya Chini Ukutani

Mama alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote ya dunia: jikaze. Ukikohoa, jikaze. Ukifiwa, jikaze. Alikuwa mwoka mikate tangu ujana wake, na ukimtazama akiukanda unga kwa ile mikono yake mifupi, ungedhani hata unga anauambia hivyo hivyo. Wateja walimwita Bi Mkubwa, na binti yake wa pekee, aliyefanya kazi naye, wakamwita Bi Mdogo. Mgeni akiyasikia majina hayo alidhani ni wake wenza, na wao walimwacha adhani, maana kicheko nacho ni riziki.

Bi Mdogo alikuwa akiumwa. Tusizunguke mbuyu: alikuwa akiumwa kila mwezi, na si yale maumivu ya kumeza kidonge ukaendelea na shughuli zako, bali yale ya kukukunja ukawa unaitafuta pumzi. Siku hizo alikuwa na mahali pake. Kando ya tanuri palikuwa na ukuta uliopitisha joto, na yeye alijibana hapo, tumbo ukutani, paji la uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Joto lile lilimfaa kuliko vidonge. Rangi ya hapo ilikuwa imekwisha kwa kusuguliwa, na yeye aliihesabu alama ile kuwa yake. Mama akimwona hapo alipita na trei zake na kusema, bila hata kugeuza shingo, kwamba uchungu wa mwezi haujamuua mtu, na mikate haijui nani anaumwa. Bi Mdogo moyoni alisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Aliyemburuta kwa daktari ni mumewe, fundi rangi, mtu wa masihara tangu asubuhi mpaka usiku, ila siku ile hakutania. Daktari wa kina mama, mwanamke wa maneno machache, alimsikiliza, akampima, akamtazama tumbo kwa mashine, na mashine haikuonyesha kitu. Bi Mdogo akahisi uso unamwaka kwa aibu. Lakini daktari akasema kuna magonjwa yasiyoonekana mpaka uingie ndani ukayatazame kwa macho. Wangemlaza kwa dawa ya usingizi, wamtoboe matundu madogo, moja kitovuni na mengine chini yake, waingize kamera nyembamba. Wakikuta kitu kidogo, watakiondoa papo hapo. Angeingia asubuhi, na mambo yakienda vizuri, jioni angelala kwake.

Mama alipopelekewa habari hizo aliendelea kukata unga kwanza.

"Upasuaji wa kuingia asubuhi na kutoka jioni," alisema. "Huo ni upasuaji au kunyoa nywele?"

Watu walidhani Bi Mdogo anaogopa kisu. Wapi, kisu kilikuwa cha mwisho katika hofu zake. Alichokiogopa, akakosa usingizi kwa ajili yake, ni kwamba watamfungua wasikute kitu. Wasipokuta kitu, basi mama alikuwa sahihi miaka yote, na yeye ni mvivu aliyezaliwa na mchapakazi. Unaona mambo hayo? Mtu kumwomba Mungu akutwe mgonjwa. Aliomba hivyo hivyo, na akaona haya kuomba.

Siku yenyewe alikwenda na njaa, maana alikatazwa kula tangu usiku. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alimvalisha gauni la kufungwa mgongoni na kumweleza mambo yote kwa kituo. Kwamba watamjaza hewa tumboni, tumbo liinuke, ili kamera ipate nafasi ya kuona. Kwamba hewa hiyo haitoki yote, na inayobaki inaweza kumchoma begani. Bi Mdogo aliitikia, begani, ndiyo, huku akili yake iko kwingine. Kisha akasukumwa kwenye chumba cha baridi chenye taa kubwa, mtu akamwambia afikirie jambo zuri, naye hata hajalichagua usingizi ukambeba.

Alipozinduka koo lilimkwaruza, kwa sababu ya mrija waliompitishia wa kupumulia, na tumbo lilikuwa limevimba likimuuma kwa mbali. Daktari akaja, akasimama kando ya kitanda, akamweleza walichokuta. Bi Mdogo alitikisa kichwa, akashukuru, akalala tena. Na alipoamka mara ya pili hakukumbuka hata neno moja. Alikumbuka midomo ya daktari ikicheza, basi. Wamekuta au hawakukuta? Mumewe alikuwa nje wakati ule. Bi Mdogo akaanza kulia pale kitandani, kilio cha kwikwi, na kila kwikwi ilimvuta nyuzi za tumboni akazidi kulia.

Muuguzi hakushangaa hata kidogo. Alisema dawa ya usingizi ndivyo ilivyo, inaliza watu na kuwasahaulisha, na ndiyo maana daktari hurudi kabla mtu hajaruhusiwa. Akampa mto mdogo aukumbatie tumboni kila anapotaka kulia, kukohoa au kucheka.

Daktari akarudi kweli, mumewe akiwepo, na safari hii alikuja na picha iliyopigwa na kamera ya ndani. Akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Haya madoa meusi, alisema, ni nyama zinazofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, ila zimeota nje yake. Kila mwezi nazo zinavuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea, ndiyo maana panauma namna ile. Wameyachoma waliyoyaona. Yanaweza kurudi, hakumficha, na wataendelea kuonana.

"Kwa hiyo yapo," Bi Mdogo alisema.

"Yapo tangu zamani. Sijui umewezaje kufanya kazi ya kusimama."

Furaha aliyoipata Bi Mdogo haikuwa ya kusimulia mbele za watu. Ameambiwa ana ugonjwa unaoweza kurudi, naye anaona kama kavishwa taji. Aliiomba ile picha, akapewa, akaishika mpaka nyumbani.

Usiku bega likaanza. Lilichoma hasa, la kulia, kila akivuta pumzi. Mumewe akapaparika, akasema wamemwangusha mezani hawa, au ni moyo, akapiga simu hospitali akifoka. Akajibiwa kwa upole kwamba ni ile hewa, mgonjwa aliambiwa, anywe dawa yake ya maumivu, ainuke atembeetembee. Wakatembea basi, kutoka chumbani kwenda jikoni na kurudi, yeye amekumbatia mto, mume kamshika kiuno, mpaka bega likalegea, na upepo wa matumboni nao ukapata njia yake, kwa kishindo. Fundi rangi akafungua mdomo kutania, mkewe akamwomba asithubutu, maana kucheka kulimuuma kuliko bega.

Kesho yake mama alikuja na mkate wa moto ndani ya kitambaa. Alikaa pembeni mwa kitanda, akataka kuona kidonda. Bi Mdogo akafunua. Vilikuwa viplasta vya kawaida, kama vya mtu aliyejikata kidole.

"Ndivyo hivi tu?" mama aliuliza.

Bi Mdogo akatoa picha chini ya mto, akampa. Mama aliitupia jicho, akairudisha haraka, akasema haoni vizuri bila miwani. Miwani ilikuwa juu ya kichwa chake. Akaacha mkate, akaenda zake, na Bi Mdogo akageukia ukuta, akaumia kwa namna ambayo hakuna kidonge chake.

Siku zikasogea. Damu kidogo iliyokuwa ikimtoka tangu upasuaji ilikoma, uchovu ukabaki. Alikatazwa kuinua kitu kizito, hata ndoo, na akaambiwa akiona homa, usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, arudi mbio. Hakuona hayo. Aliona tu kwamba akifua leso anahitaji kulala, na hilo lilimshangaza, maana kwa nje alikuwa mzima. Matundu madogo yanadanganya. Ndani mtu amekwanguliwa, na mwili haujali ukubwa wa plasta.

Alasiri moja, katika kutembea kwake alikoagizwa, miguu ikampeleka kwenye kiwanda chao cha mikate. Tanuri lilikuwa limepoa. Mama alikuwa akiosha trei, na fundi rangi alikuwa akikwangua rangi ya zamani ukutani, kazi ambayo mama mkwe wake alimpa tangu mwaka uliopita. Alikuwa amefika kando ya tanuri. Akaacha kukwangua, akapapasa ukuta kwa kiganja.

"Hapa mlikuwa mkiegemeza nini?" aliuliza.

Bi Mdogo alijibu kwamba mahali hapo ni pake, anapajua.

"Pa juu ndipo pako, rangi imeliwa. Lakini hapa chini kuna pengine. Palipakwa rangi zamani, ila lipu imebonyea. Mtu alisugua hapa miaka na miaka."

Bi Mdogo akasogea, akaweka mkono. Kweli, palikuwa na kibonyeo laini, chini kidogo ya alama yake, kimo cha tumbo la mtu mfupi. Alimtazama mama. Mama alikuwa akisugua trei iliyokwisha kutakata.

"Pa chini ni pangu," mama alisema.

Kisha akasema yote, huku ameinamia beseni. Kwamba ilianza akiwa msichana. Kwamba mimba zilitoka, akabakiwa na mtoto mmoja huyu. Kwamba marehemu mumewe alidhani anapenda kuota moto. Damu yake ya mwezi ilipokoma kwa umri, na maumivu yakaenda nayo, akapaka rangi mahali pale kwa mkono wake mwenyewe, asipaone tena. Na haikupita muda akamwona binti yake amesimama palepale.

Hasira zilimpanda Bi Mdogo, tena za haki. "Sasa kwa nini ukaniambia nijikaze?"

Mama akaziacha trei. "Na mimi niliambiwa hivyo, mwanangu, nikajikaza. Wewe ukionekana kweli unaumwa, basi mimi nilijikaza bure."

Mama akajifuta mikono kwenye aproni, akaishusha miwani kutoka kichwani, akanyoosha mkono. Picha ilikuwa kwenye mkoba; Bi Mdogo hakutoka nyumbani bila hiyo picha. Mama aliipeleka penye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, akauliza doa hili ni nini na hili ni nini, na binti akamweleza kama alivyoelezwa, damu isiyo na pa kutokea.

"Kwa hiyo nilikuwa naumwa," mama alisema.

"Ulikuwa unaumwa, mama."

Bi Mdogo akalia. Alitafuta mto wa kukumbatia, hapakuwa na mto, na mama akakunja aproni yake upesi akamkandamizia tumboni, taratibu, juu ya plasta. Walikaa hivyo kwenye gunia la unga mpaka kwikwi zikapungua. Baadaye sana mama akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua, kama yule daktari huwaona na wazee. Hakutaka kutibiwa, alisema, maumivu yalishakwisha. Alitaka tu naye aambiwe.