Sauti ya Emrys Pugh

Kila Jumamosi asubuhi Wazungu wanaoishi Nong Khai, huku Thailand, humletea Preben Holm mashine zao kama wazazi wanavyopeleka watoto wenye homa zahanati. Mwaka ule mvua zilianza kwa fujo, na meza yake katika mgahawa wa kando ya mto ilijaa wagonjwa: kompyuta zilizounguzwa na radi, chaja zilizokatwa mguu wa tatu ili ziingie kwenye soketi za matundu mawili, na ruta ya intaneti ya Darrell Pym ambayo sisimizi walikuwa wamehamia wakataga mayai.

"Nimekwambia mara ngapi ruta haikai sakafuni?" Preben aliuliza, akiigongagonga juu ya gazeti. Sisimizi wakamwagika. "Ina joto, na wao wanatafuta joto. Itundike ukutani."

"Ukutani mke wangu katundika picha ya mtawa wake," Darrell akajibu. Alikuwa Mwaustralia mwenye tumbo na mdomo usiokaa kimya. "Nimshushe mtawa nipandishe ruta? Mwalimu, wewe unataka nilale nje na mbwa."

Meza nzima ikacheka. Darrell ndiye aliyempachika jina hilo la Mwalimu, kwa kumkejeli kwanza, kisha likashika. Na kweli Preben alipenda kufundisha. Alifanya kazi ya mitambo ya simu kwao Denmark miaka mingi, na alipostaafu na kuja kuishi huku aliwakuta Wazungu wenzake wanaishi ovyo, maneno yao ya siri ni majina ya mbwa, picha za maisha yao yote ziko kwenye kompyuta moja kuukuu chini ya bati linalovuja. Akawatungia kanuni. Kufuli mbili kwa kila kitu, moja kichwani, moja mfukoni. Usiandike kwenye karatasi, karatasi ni chakula cha mchwa. Ukimaliza kutumia, toka, usiache mlango wazi. Na usimpe nakala mtu yeyote, hata unayelala naye kitanda kimoja, maana simu ya mkeo huchezewa na ukoo mzima.

Waliitikia kwa vichwa, wakaenda kufanya walivyozoea. Darrell alibandika neno lake la siri kwenye kioo cha kompyuta, herufi kubwa, na hajawahi kupoteza kitu. Aliyezishika kanuni zote, moja baada ya nyingine, alikuwa Emrys Pugh peke yake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Emrys alisikia kila neno.

Siku hiyo Preben hakucheka na wenzake, kwa sababu mjane wa Emrys, Wanphen, alikuwa amekaa meza ya mwisho, mkoba magotini, akingoja zamu yake kama mteja yeyote. Alipoinua macho, Wanphen akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Preben akaacha ruta na kwenda.

"Kaka, umepata?"

"Bado, dada. Nimewaandikia tena jana."

"Sadaka ya siku mia tangu afariki ni Jumapili ijayo. Watawa nimeshawaalika." Akashusha sauti. "Na mtoto nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba siku hiyo atamsikia baba yake."

Preben alitazama chini. Alitaka kumwambia palepale kwamba hakuna kitu, lakini akarudi kwenye ruta ya Darrell.

Saratani ya koo ndiyo iliyomwondoa Emrys, lakini kabla ya kumwondoa ilimnyang'anya sauti. Khaofang, binti yao wa pekee, alikuwa bado hajatimiza miaka minne daktari alipompasua Emrys koo. Wiki chache kabla ya kisu, Emrys alijifungia chumbani akajirekodi. Alimsimulia mtoto hadithi za kwao Wales, nyingine kwa lugha yake, nyingine kwa Kiisani, lugha ya huku, chake kibovu kilichowavunja mbavu mashangazi. Alimwimbia. Alimpa maneno ya siku ya kwanza ya shule, na ya siku ya harusi. Hazikuwapo sauti zake nyingine za maana. Simu ya Wanphen ya miaka ile ilichukuliwa na mafuriko, na katika kipande kimoja cha video ya sherehe ya mwaka mpya walichobakiza, muziki wa jirani ulikuwa umemmeza Emrys mzima.

Radi ilipoipiga kompyuta ya Emrys, Preben aliyaokoa yale marekodi kwa shida, akayapeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni, aina ile ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuchungulia ndani. Alijivunia sana kazi hiyo. Akaweka kufuli mbili: neno la siri, ambalo Emrys alimwandikia mkewe kwa kidole kiganjani alipolazwa, na namba zinazobadilika kila mara ndani ya simu ya Emrys. Namba za akiba, za kufungulia endapo simu ingepotea, Emrys alizipiga picha kwa simu hiyohiyo. Preben alizisahau, kwani nani hupoteza simu anayoishika mchana na usiku?

Na Emrys aliishika mchana na usiku. Tangu koo likatwe, simu ile ndiyo iliyokuwa kinywa chake. Aliandika, nayo ikasema, kwa sauti ya mwanamke wa mashine asiye na haraka: nipe maji, asante, nimechoka. Alikufa imo kiganjani. Kwa hiyo pale hekaluni, kabla ya mfuniko kufungwa, Wanphen aliirudisha kwenye kiganja hicho na kuifunika kwa maua. Mchomaji wa maiti alinung'unika habari za betri kulipuka motoni. Wanphen alimlilia, na yule mzee akageuka kutazama upande mwingine.

"Huko anakokwenda atazungumzaje?" Wanphen aliwaambia waombolezaji, na wanawake wakaitikia kwamba kweli, amefikiri vyema.

Preben alikuwepo. Alikuwa kwenye mstari, hatua chache tu, mkononi ua ambalo kila mwombolezaji huliweka kwenye jeneza lichomwe pamoja na maiti. Aliiona simu inaingia, na kilichompitia moyoni ni kwamba ni jambo la upendo. Mtu aliyewasumbua Wazungu wa mji mzima kwa habari ya kufuli aliona ufunguo unakwenda motoni, akabana machozi na kupandisha ua lake. Kesho yake, wakiokota mifupa majivuni, shemeji mmoja alikuta kidonge cheusi cha kioo kilichoyeyuka, akauliza hiki nini. Hapo ndipo Preben alipoelewa.

Toka siku hiyo alikuwa akiandikiana na kampuni. Kusema kweli alikuwa akiandikiana na mashine. Mashine ilimpa pole kwa msiba na kumtaka athibitishe kwa namba iliyotumwa kwenye simu ya marehemu. Alipeleka cheti cha kifo na tafsiri yenye muhuri. Ikajibu kwamba vielelezo hupokelewa kutoka ndani ya akaunti, tafadhali fungua akaunti kwanza. Alimpeleka Wanphen duka la simu wakapewa laini mpya yenye namba ileile, ingawa alijua fika haitasaidia, kwa kuwa namba zinazobadilika hazikai kwenye laini, zilikaa kwenye kile kidonge cheusi. Alikwenda tu ili mama wa watu aone kuna kitu kinafanyika.

Ijumaa kabla ya sadaka alijibiwa na binadamu. Alimtambua kwa sababu alikosea jina la Emrys, kisha akaomba radhi kwa kulikosea. Aliandika kwamba amesoma barua zote na amewauliza wakubwa zake. Mteja alichagua ulinzi wa juu kabisa. "Hata sisi hatuna ufunguo. Hakuna wa kuupata. Samahani sana, bwana Holm." Preben alisoma kibarazani huku mvua ikipiga bati. Mashine alikuwa akigombana nayo, na katika ugomvi kuna tumaini. Huyu aliyeomba samahani alilizika. Preben akalia kwa sauti, mtu mzima, na jirani akachungulia dirishani kisha akajirudisha ndani kwa adabu.

Jumamosi hakwenda mgahawani. Alikwenda kwa Wanphen.

Uwanja ulikuwa umejaa wanawake wa ukoo, wengine wakitwanga pilipili na papai bichi, wengine wakipakua wali wa kunata kwenye vikapu. Walimkaribisha kwa mizaha. "Mwalimu, umekonda! Njoo ule, au Wazungu wamekuloga kwa kompyuta zao?" Akavua viatu mlangoni. Wanphen aliuona uso wake, akafuta mikono, akampeleka chumba cha nyuma ambapo picha ya Emrys ilikuwa kwenye meza ndogo, uvumba ukifuka.

"Sema," Wanphen alisema.

"Haiwezekani, dada. Wamejibu. Haifunguki tena."

Wanphen alikinyoosha kijiti kimoja cha uvumba. Kisha akauliza swali ambalo Preben alikuwa akilikimbia kwa miezi. "Ni ile simu? Niliyompa kule?"

Nje mtu alikuwa anacheka. Preben aliona kwamba neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, na ingekuwa kweli, na mwanamke huyu angeishi maisha yake yote akijua kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliochoma sauti ya mumewe, kwa sababu ya mapenzi.

"Hapana," akasema. "Simu haihusiki. Ni mimi. Nilifunga vibaya tangu mwanzo."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikosea."

Wanphen alimtazama kama anayetafuta mahali pa kushika. "Nilimwomba," alisema polepole. "Kabla hajazidiwa. Nikamwambia, baba Khaofang, niwekee hata moja kwenye simu yangu, nimpigie mtoto akishindwa kulala. Akaniandikia: Preben hapendi, itapotea. Nikamwambia mimi ni mkeo, Preben ni nani? Akaandika: Preben anajua." Akamsogelea. "Ulijua nini, Kaka?"

Hilo Preben hakuwa amelisikia kabla. Alikuja na uongo wa kumkinga Wanphen, kumbe chini yake ulikuwepo ukweli wake mwenyewe, mbaya kuliko uongo.

"Nenda nyumbani," Wanphen akasema. Hakupaza sauti. "Na kesho usije."

Akatoka huku wanawake wakimwita arudi, chakula kinaiva. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu, lakini yeye alichimba akaingia na wenzake, mmoja akiwa majivu na mwingine akiwa na miaka saba.

Huyo wa miaka saba alikuwa amechuchumaa ngazini. Alikuwa amevigeuza viatu vya Preben vielekee njiani, kama wanavyofundishwa watoto wenye heshima, na alikuwa akimngoja. Nguo ya kesho, nyeupe, alikuwa ameshaijaribu na kukataa kuivua.

"Mjomba, umemleta?"

Preben akakaa kando yake ngazini. "Sikumleta, Khaofang. Nimeshindwa."

Mtoto hakulia. Alifikiri kwanza, akikuna goti lililoumwa na mbu. "Mama anasema wewe ulikuwa unakaa naye kila siku, zamani, alipokuwa anaongea kwa mdomo."

"Ndiyo."

"Basi wewe ulimsikia."

"Nilimsikia sana."

"Alikuwa anasemaje?"

Preben akafumba macho. Miaka kumi na zaidi ya maongezi, bia, ubishi wa mpira, na ile tabia ya Emrys ya kuimba akichomeka waya. Maneno aliyapata yote. Mizaha aliipata, hata kikohozi alikipata. Akaiita sauti, na sauti haikuja. Kila alipomfungua Emrys kinywa, aliyezungumza alikuwa yule mwanamke wa mashine asiye na haraka: nipe maji, asante, nimechoka. Aliogopa, akatafuta kwa nguvu zaidi, akapata giza tupu. Na mtoto alikuwa anangoja, ameinamisha sikio.

"Khaofang," akasema, akijitahidi kuivuta sauti pale alipodhani Emrys aliivuta, "njoo ule, mwanangu, wali unapoa."

Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akangoja kidogo kuona kama yapo mengine.

"Hiyo ni yako, Mjomba," akasema.