Mchungaji Anapita Tu

Magreti aliniona nikiwa bado mbali, kwenye kona ya shamba lake la ufuta, akaacha kupepeta. Aliuweka ungo chini taratibu, mchele ukiwa ndani, akasimama wima mikono ikining'inia. Niliposema shikamoo hakuitika. Alikuwa anaitazama kola yangu ya ukasisi.

"Nani?" aliuliza.

"Hakuna baya, mama. Kaa kwanza."

Nilijisikia nikisema hivyo. Miaka miwili nyuma, wakati wa masika, nilikuja kwenye ua huu huu, hapa kijijini Ulaya, kwa miguu baada ya pikipiki kukwama kwenye tope, nikasema maneno hayo hayo. Alikaa, akanywa maji, ndipo nikamwambia kwamba Stefano, mumewe, amefariki hospitali. Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Hutumwa mtu, na mtu huyo huanza kwa kukana.

Safari hii sikutumwa na yeyote. Nilikuwa likizo. Makasisi wenzangu wakipata likizo huenda kwao kulima au kuwaona wazazi. Mimi niliamua kutembea kutoka Kilosa hadi Mikumi, na nguvu zikibaki nipande milima ya Vidunda. Mke wangu, Beatrice, alidhani nimechanganyikiwa. Sikumwambia yote. Tangu mafuriko ya Kilosa nilikuwa nimezika watu wengi mno, na kila nilipopiga magoti nilisikia sauti yangu tu, kama mtu anayesoma matangazo baada ya ibada. Nilitaka kutembea mpaka nichoke kiasi cha kunyamaza, nione kama Mungu bado ana neno nami. Beatrice alinipa sharti moja: nivae kola, watu wasije wakanidhania mwizi wa ng'ombe.

Kola ndiyo iliyoniponza.

"Natembea tu, mama," nilimwambia Magreti. "Nipo likizo. Naenda Mikumi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Una shida gani Mikumi?"

"Sina shida."

Alinitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama watoto wa kipaimara wanaposema uongo. Kisha akakaa palepale chini. "Ni Frank," alisema. Frank, mwanawe wa pekee, alikuwa utingo wa lori la Tunduma. Kilio kilimtoka, na kilio cha mjane hakihitaji kuelezwa kwa majirani.

Mzee Mwinshehe wa nyumba ya pili alifika wa kwanza, mkeka kwapani.

"Pole, Mchungaji. Imetokea wapi? Mlima Iyovi?"

"Haijatokea popote, mzee wangu. Mimi napita tu."

"Sawa," alisema huku akiutandaza mkeka. "Utatuambia ukiwa tayari."

Wanawake walikuwa wameshaanza kuingia uani, mmoja akipuliza moto, mwingine akifunga khanga kiunoni. Nilikana, nikaapa, na kadiri nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kuinamisha vichwa. Mwisho nikapandisha sauti: mpigieni simu mwenyewe, awaambie kwamba ni mzima! Sesilia, mdogo wake Magreti, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Hapo ndipo aibu yangu ilipogeuka woga. Nilikuwa najua nini kuhusu Frank? Nilikuwa naapa kwa jina la Mungu kwamba kijana niliyekuwa sijamwona tangu mazishi ya baba yake anapumua. Nilitoka nyumbani nikiomba nisemeshwe. Sasa nikaanza kuogopa kwamba nimetumwa bila kujua, na Mungu ananitumia kwa kazi ileile aliyozoea kunitumia.

"Basi omba, Mchungaji," alisema Magreti.

Nilipiga magoti kwenye mkeka wa mzee Mwinshehe. Sala za kitabu nilizozijua kwa moyo zote zilinikimbia. "Usifanye hivi," nilisema. "Tafadhali, usimfanyie mama huyu hivi." Nikarudia hivyo hivyo, bila mpangilio, mpaka sauti ikakauka. Mzee Mwinshehe aliitikia amina.

Kuku walikuwa wameumaliza mchele wote kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza. Simu ilipoita, Sesilia nusura aidondoshe. Akabonyeza spika ili sote tusikie.

"Mama, shikamoo. Naona mmenipigia sana. Tulikuwa milimani huku, mtandao hakuna."

Watu walishusha pumzi kwa pamoja. Niliificha sura yangu kwenye viganja, nikalia waziwazi, sikujali nani ananiona. Magreti alijifuta uso kwa pindo la khanga, akakohoa kidogo, akaongea kwa wepesi kana kwamba alikuwa anapepeta mchele siku nzima.

"Marahaba, baba. Hakuna kitu, nilitaka kukusikia tu. Tupo na Mchungaji hapa nyumbani. Amepita kutusalimia."

Tulisikia injini ya lori ikinguruma, kisha ikazimwa.

"Mchungaji amekuja nyumbani?" Sauti ya Frank ilikuwa imebadilika. "Mama, niambie ukweli. Nani amekufa?"

Hakuna aliyecheka. Magreti akaninyooshea simu.