Ndoo ya Kwanza

Mtaani walimwita Mama Povu, kwa sababu alifua nguo za watu tangu usichana wake na mikono yake haikuwahi kukauka sabuni. Ukikutana naye asubuhi na furushi kichwani ungedhani furushi linajitembelea lenyewe, maana mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo. Lakini kucheka! Alikuwa na kicheko cha kuamsha nyumba ya tatu, na mwanya mbele ambao mumewe alikiri kuwa ndio uliomponza.

Mumewe alikuwa fundi mwashi. Nyumba nyingi za kule kilimani, zile zenye mageti na bustani, zilipita mikononi mwake. Kisha siku moja jukwaa la mbao likakatika akiwa juu, akaanguka, na tangu hapo miguu haikumtii tena. Mwenye nyumba alituma pole na mfuko wa unga. Basi Fundi akawa mtu wa kitandani, na kitanda chenyewe kilikuwa godoro lililotandikwa sakafuni, ili aweze kujiburuta hadi mlangoni akichoka kuangalia bati.

Shida ya mtaa ule ilikuwa maji. Si kwamba hayakuwapo. Bomba kubwa la kwenda kilimani lilipita chini ya mtaa wao moja kwa moja, bila kusimama. Fundi, kwa kuwa alilala chini, alilisikia.

"Wameshafungulia," alimwambia mkewe kila alfajiri. "Wanaoga sasa."

Na mkewe alijifunga kitenge, akachukua ndoo na kushika njia ya kisimani bondeni, kwenye maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Aliyagawa kwa jicho kali. Kwanza ya kufulia nguo za watu, kwani hizo ndizo zilizowalisha. Kisha ya kupikia na ya kunywa. Yaliyobaki ndiyo ya mgonjwa, na hayo hayakutosha kumwogesha. Alimfuta tu kwa kitambaa kilicholowa, mgongo, kwapa na shingo, basi.

Uchaguzi ulipokaribia, diwani aliwakumbuka. Likasimamishwa tenki jeusi juu ya nguzo pale njiapanda, na chini yake bomba moja jipya kwenye kizimba cha saruji. Siku ya uzinduzi zikaja kamera na muziki. Mpambe wa diwani, bwana mmoja ambaye watu walimwita Suti kwa kuwa hakuivua hata jua likiwa la utosi, alipitisha macho kwenye umati akitafuta mtu wa kuteka ndoo ya kwanza. Akauona mwanya.

"Wewe mama, njoo hapa. Cheka hivyo hivyo."

Hakuhitaji kuambiwa. Maji yalipotoka, safi, yakigonga kitako cha ndoo kwa kishindo, Mama Povu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na wapiga picha wakapiga hadi wakatosheka.

Siku hiyo hakugusa nguo ya mtu. Alifunga mlango, akamvua mumewe shati, akamburuta na kumkalisha ndani ya beseni kubwa la kufulia, miguu imening'inia nje.

"Utanizamisha, mwanamke."

"Nyamaza. Unaogeshwa na mtu maarufu."

Akammiminia kata ya kwanza utosini. Fundi akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Mkewe akamsugua taratibu, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu ile ambayo mwenyewe hakuihisi, akambadilishia maji na kumsugua tena, mpaka ngozi ikarudi rangi waliyoisahau wote wawili.

"Mke wangu," Fundi alisema, macho kayafumba, "mabafu niliyoyajenga mimi hayahesabiki. Sikujua kumbe ndani yake kuna raha hivi."

Mama Povu akasingizia povu limemwingia jichoni.

Kesho yake bomba lilikohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Keshokutwa vilevile. Dereva wa boza, lori la maji, ndiye aliyefichua, akinywa chai kibandani: tenki lilijazwa na yeye siku moja kabla ya sherehe, na hapakuwa na bomba lolote lililoungwa nalo. Wakati huohuo yakabandikwa mabango kila ukuta, na kwenye kila bango alikuwa Mama Povu na mwanya wake, chini yake maandishi makubwa: MAJI YAMEFIKA.

Watu wana midomo. "Mama Bango, tugawie basi," walimwambia kisimani. Wengine walitania, wengine walimaanisha. Jirani yake mmoja, shoga yake wa miaka yote, aliacha hata kumwitikia salamu. Mama Povu akawa anapita njia za uchochoroni, na kicheko chake kikapotea mtaani.

Ndipo Suti alipobisha hodi. Alimwamkia kwa heshima, akakataa kukaa, akatupa jicho kwenye godoro. Waziri mwenyewe anakuja kuliona bomba, alisema. Mama Povu atafungua maji, atasema asante mbele ya kamera, maneno machache tu. "Na mheshimiwa diwani ameguswa na hali ya mzee hapa. Siku hiyo atamkabidhi kiti cha magurudumu. Kipya."

Alipoondoka, Mama Povu alifunga mlango.

"Nitasema asante," alisema Mama Povu. "Ni neno tu. Halimuui mtu."

"Kiti hicho kitanichoma makalio."

"Kikuchome! Angalau utachomwa ukiwa nje, unaona watu." Akageuza uso. "Umeangalia bati la kutosha, mume wangu."

Fundi akamshika mkono, akauweka kifuani mwake. Hakumkataza wala hakumruhusu. Alijua mkewe hajawahi kuomba kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Boza likaja, likajaza tenki, likaenda zake. Asubuhi ya ugeni Mama Povu alifika kizimbani mapema, kitenge chake kizuri kimenyooka. Kiti kilikuwapo, kinang'aa, kimefungwa utepe. Alikigusa mpini kwa siri. Aligeuka akamkuta yule shoga yake amesimama na ndoo, macho chini.

"Mkwe wangu amejifungua usiku," alisema. "Hatuna maji ya kumwoshea mtoto. Sikuja kwako, nimekuja kwenye bomba."

Mama Povu alitazama tenki, akatazama kiti. Waziri alikuwa bado yuko mbali. Mkono ukafungua bomba wenyewe.

"Mtoto gani?" aliuliza, maji yakijaa.

"Wa kike."

"Haya, lete na ndoo nyingine. Mama naye ataoga na nini?"

Nani alisema, nani alisikia, hakuna anayejua. Punde mtaa mzima ulikuwa pale na ndoo, masufuria na madumu. Suti alikuja mbio, kijasho kinamtoka. "Jamani, maji ya waziri hayo!"

"Si anakuja kutuona tunateka?" Mama Povu alimjibu. "Ndiyo tunateka."

Msafara ulipofika na vumbi lake, hotuba zikasomwa, nyimbo zikaimbwa. Mama Povu akaitwa. Akazungusha bomba. Likakohoa. Likadondosha tone moja, likanyamaza.

"Maji yako wapi, mama?" aliuliza waziri, kipaza sauti mkononi.

Diwani alimkazia macho. Kiti kilikuwa hatua chache tu kutoka alipo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, amelifanyia mazoezi wiki nzima, lakini halikutoka. Lililotoka lilikuwa jingine.

"Yako majumbani kwetu, baba. Yaliletwa na boza jana, tumeyamaliza. Mtaani kuna mtoto amezaliwa. Bomba lenyewe linapita hapa chini, chini ya viatu vyako. Mume wangu hulisikia likienda juu. Kwetu halijatobolewa."

Mtu mmoja aliangua kicheko, akakimeza. Kisha kikamtoka mwingine, na mwingine, mpaka waziri naye akacheka, kwa meno tu. Kamera zilikuwa zinamtazama. "Litatobolewa," akasema. "Kabla sijarudi hapa."

Mama Povu aliwaona wakikifungua kiti utepe, wakikikunja, wakikipakia nyuma ya gari la diwani. Alikitazama hadi kikapinda kona. Nyumbani alimsimulia mumewe yote, amejifunika uso kwa kitenge.

"Nimekipoteza, mume wangu. Kilikuwa pale, nimekigusa."

"Njoo hapa," Fundi alimwambia. Akampisha kwenye godoro, akamlaza kifuani na kumpapasa kichwa, mpaka kwikwi zikaisha.

Bomba lilitobolewa kweli, siku chache kabla ya kura. Huenda waziri aliona huruma, huenda alihesabu kura, mtaani hawakuulizana. Maji yalitoka membamba, tena si kila siku, kwa kuwa kilimani walifungulia bustani kwanza. Ila yalitoka.

Siku yalipotoka, wanaume wanne walikuja na kiti cha mbao cha kibandani. Hawakuomba ruhusa. Walimkalisha Fundi juu yake, wakamwinua mabegani, yule shoga akitangulia mbele na mjukuu mgongoni, akipaza sauti, "Pisheni, mheshimiwa anapita!" Mama Povu alikimbia nyuma akiwakemea wasimwangushe, na kicheko chake kikasikika hadi nyumba ya tatu.

Walimtua kizimbani. Fundi aliweka kiganja chini ya maji, akakiacha hapo kwa muda mrefu, watu wakimtazama. Kisha akakwaruza saruji kwa ukucha, akakunja uso.

"Nani amejenga uchafu huu?" alisema. "Mchanga mtupu. Nileteeni mwiko."

"Wewe?" mkewe akamwuliza.

"Kwani nitajenga kwa miguu?"