Vistari vya Mkono wa Kushoto

Wiki tatu baada ya kumzika baba yake, Mwalimu Navalayo alirudi darasani kama mtu aliyetumwa. Alifundisha, akasahihisha madaftari, akapika, akalala. Watu walimpa pole, naye akaitikia asante. Machozi hayakuja, na hakuyatafuta. Ilikuwa Aprili mwaka 1996, na njia ya kutoka shuleni hadi msituni ilikuwa tope tupu.

Siku moja alipata mgeni ofisini. Aliitwa Jepkemboi, mtunza picha wa makumbusho moja Nairobi, na alikuwa amebeba sanduku bapa lililofunikwa kwa nailoni. Ndani mlikuwa na michoro arobaini ya mimea na ndege wa msitu wa Kakamega, iliyosemekana kuchorwa mwaka 1938 na bibi mmoja Mzungu aliyepiga kambi huko miezi minane. Jepkemboi alitaka mtu wa kumtajia majina ya Kiluhya. Mwalimu mkuu alimwelekeza kwa Navalayo, kwa sababu baba yake, mzee Patroba Makhanu, ndiye aliyembebea yule bibi masanduku.

Navalayo alifunua karatasi moja moja akitaja majina. Alipofika kwenye tawi la mwiritsa, mti ambao watu huchemsha magome yake kuwa dawa, aliisogeza karatasi karibu na macho. Kivuli cha majani kilikuwa kimetiwa kwa vistari vyembamba vya penseli, vyote vikianzia juu kushoto na kushukia kulia. Akazirudia karatasi alizokwisha kuweka kando, akaanza kuzigawa mafungu mawili.

"Hizi tisa ni za bibi," alisema. "Nyingine zote ni za baba."

Jepkemboi akamwuliza amejuaje.

"Baba alitumia mkono wa kushoto. Vistari vya mtu wa mkono wa kulia hulalia upande mwingine. Tazama."

Akaichukua karatasi ya mwiritsa, akampeleka Darasa la Tano, ambako chati ya mbegu ya haragwe inayochipuka ilikuwa bado ukutani. Mzee ndiye aliyemchorea Navalayo, mwaka Navalayo alipoanza kufundisha. Jepkemboi alitoa lenzi yake, akalinganisha vistari vya mzizi ukutani na vya jani la mwiritsa, mwishowe akaketi kwenye dawati la mtoto. Alisema kila karatasi ina jina la bibi chini yake. Kisha akauliza kama mzee hakuwahi kusema.

Mzee alisema, mara moja. Krismasi ya mwaka 1981, walimu walipokuja nyumbani kula kuku, mzee aliwaambia kwamba bibi alimfundisha kuchora, kisha bibi akalazwa na malaria, na yeye mzee ndiye aliyeimaliza kazi. Walimu walicheka. Hata Mathew, kakake Navalayo, alicheka. Navalayo alimfuata baba yake nje.

"Nilimwambia, baba, usiniaibishe tena kwa hadithi hizo," alimweleza Jepkemboi. "Akasema sawa. Hakuzitaja tena."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile ya kuita majina ya wanafunzi asubuhi. Alingoja yamchome. Alichohisi ni vumbi la chaki vidoleni tu.

Jepkemboi alisema hawezi kubadilisha majina peke yake, lakini atalipeleka jambo hilo kwa wakubwa wake, na atahitaji picha za ile chati. Akauliza jina kamili la mzee na mwaka aliozaliwa. Navalayo aliyaandika mwenyewe, herufi kwa herufi, akakagua kama kuna kosa.

Barua ya makumbusho ilikuja mwezi wa Julai. Ilisema michoro thelathini na moja sasa imeandikwa kwa jina la Patroba Makhanu. Navalayo aliipeleka nyuma ya nyumba, ambako Mathew alikuwa akikatakata majani ya ng'ombe, akamsomea yote.

Mathew alishusha panga. "Kumbe ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli."

"Na tulimcheka."

"Wewe ulicheka. Mimi nilimnyamazisha."

Mathew aliinama, akaendelea kukata. Navalayo alikunja barua, akachukua kapu, akaanza kumkusanyia majani.